Nilikatiwa bima ya mkopo Uingereza mwaka 2005: je, bado naweza kudai?

Swali: Ninaishi Coventry tangu 2001. Mei 2005 nilikopa pauni 8,000 benki ili niendeleze ujenzi wa nyumba Muheza. Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee kupitia wakala, leo zamu ipo, kesho haipo. Mhudumu wa benki aliniwekea bima, akasema mkopo wenye bima unapita haraka. Nilimaliza kulipa 2010. Shemeji yangu alidai fidia ya bima yake ya namna hiyo, wanayoiita PPI, akalipwa 2018. Mimi sikudai, nilidhani hayo ni mambo ya waliosoma. Sasa kuna watu wananipigia simu, wanasema pesa yangu ipo, pauni 4,100, ila nitume kwanza pauni 150 za kufungulia faili. Ni kweli? Nimechelewa? Na gari nililochukua kwa mkopo 2016, nasikia nalo lina fidia.

Jibu: Dada yangu, usitume hizo pauni 150. Kama namba za kadi yako umeshawapa, acha kusoma hapa, piga 159. Namba hiyo itakuunganisha na benki yako ili kadi ifungwe. Mengine yatasubiri.

Hebu tazama hesabu yao. Ili mtu ajue unadai pauni 4,100, anahitaji kujua bima yako iliuzwa kwa bei gani, ilitozwa riba kiasi gani, na uliilipa kwa miezi mingapi. Habari hizo zilikuwa benki na kwenye karatasi zako, na benki haimpi mpita njia taarifa za mteja. Kiasi hicho wamekitunga. Zaidi ya hayo, kwa madai ya PPI sheria iliyotungwa 2018 iliwawekea mawakala wa madai kikomo cha ada: asilimia 20 ya fedha unayopata, bila kuhesabu VAT. Asilimia 20 ya fedha ambayo hujaipata ni sifuri, kwa hiyo pauni 150 za mwanzo hazina mahali pa kukaa katika sheria hiyo. Tangu 1 Aprili 2019 mawakala hao wanasimamiwa na FCA, mdhibiti wa huduma za fedha, na kampuni halali utaiona kwenye daftari la FCA mtandaoni. Lakini hata ile iliyo halali haina ufunguo ambao wewe huna. Inaandika barua ileile unayoweza kuandika mwenyewe bure.

Sasa kuhusu kuchelewa. Mlango mkubwa ambao shemeji yako alipitia ulifungwa 29 Agosti 2019. FCA iliweka tarehe hiyo kuwa ya mwisho kupeleka malalamiko ya PPI benki, na ikaitangaza kwa miaka miwili kwenye televisheni na vituo vya basi; huenda unakumbuka kile kichwa bandia cha mwigizaji Arnold Schwarzenegger kikiwafokea watu waamue. Tangu siku hiyo benki inaweza kukataa lalamiko jipya, na Financial Ombudsman Service, ofisi inayosuluhisha migogoro kati ya wateja na benki bila malipo, nayo kwa kawaida hailipokei. Wanaosikilizwa ni wale waliozuiwa na jambo zito lisilo la kawaida, kwa mfano ugonjwa mkubwa katika kipindi chote kile. Kutofahamu hakutoshi, nasikitika kusema.

Kuna swali moja tu ambalo lingebadilisha jibu hilo. Je, kabla ya tarehe hiyo uliwahi kutuma barua, kujaza fomu, au hata kumruhusu shemeji akujazie? Watu wengi walituma malalamiko wakapata barua ya kukiri kupokea, wakahama nyumba, na jambo likaishia hapo. Kama una barua yoyote ya benki ya wakati huo yenye namba ya kumbukumbu, lalamiko lako liliingia ndani ya muda, na una haki ya kuuliza liliishia wapi. Tafuta kwenye masanduku na kwenye barua pepe za zamani kabla ya kukata tamaa.

Nataka nikae kidogo kwenye maneno yako kwamba ulidhani ni mambo ya waliosoma, kwa sababu nimeyasikia mno kwa watu wetu wa hapa na yananiuma. PPI ilikuwa bima ya kulipa marejesho ya mkopo endapo mkopaji ataugua, ataumia au atapoteza kazi. Wazo lenyewe halina ubaya. Ubaya ulikuwa katika namna ilivyouzwa. Mhudumu alikuwa na lengo la mauzo la kufikia, bima ilikuwa na kamisheni nono kuliko mkopo wenyewe, na mteja alikuwa amekaa kitini akisubiri kuambiwa kama atapata fedha au hatapata. Katika hali hiyo, neno kama lile uliloambiwa, kwamba mkopo wenye bima unapita haraka, ni shinikizo. Aliyesema hivyo alimfanya mteja aamini kwamba bila bima atanyimwa.

Halafu tazama kazi yako ilivyokuwa. Bima nyingi za aina hii zilimlinda aliyepoteza ajira ya kudumu. Aliyefanya kazi kwa zamu za wakala, aliyejiajiri, aliyestaafu na mwenye maradhi ya tangu zamani, wote mara nyingi waliwekwa nje na masharti ya ndani kabisa ya kitabu cha bima. Mwuzaji alitakiwa aulize kazi yako ni ya namna gani kabla ya kukuuzia. Kama hakuuliza, ulilipia kinga ambayo siku zamu zikikatika isingekulipa kitu. Na kuanzia 14 Januari 2005, miezi minne kabla ya mkopo wako, uuzaji wa bima za namna hii ulikuwa tayari chini ya mdhibiti wa wakati ule, FSA, kwa kanuni zilizomtaka mwuzaji aeleze mambo hayo waziwazi. Wajibu ulikuwa wa benki, si wako. Mwenye digrii tatu alikaa kwenye kiti kilekile akauziwa vilevile.

Wala si kwamba hakuna aliyepiga kelele. Septemba 2005, mwaka uleule uliokopa, shirika la ushauri la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi serikalini kuhusu PPI. Oktoba 2008 FSA iliitoza Alliance & Leicester faini ya pauni milioni 7 kwa namna ilivyoiuza. FSA ilipoweka kanuni za kurudisha fedha mwaka 2010, umoja wa mabenki uliipeleka mahakamani. Aprili 2011 ukashindwa, na mwezi uliofuata ukaacha kukata rufaa. Hapo ndipo fedha zilipoanza kutoka. Hadi zoezi lilipomalizika, benki zilikuwa zimerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Lloyds peke yake ilitenga karibu bilioni 22. Benki hazirudishi mabilioni kwa sababu ya ujinga wa wateja.

Jambo la pili ambalo wengi hawakuambiwa ni kwamba bei ya bima mara nyingi iliongezwa juu ya mkopo siku ya kwanza, nayo ikatozwa riba. Tuseme bima yako ilikuwa pauni 1,900. Mkopo wako kwenye vitabu haukuwa 8,000, ulikuwa 9,900. Kwa riba ya asilimia 0.75 kwa mwezi kwa miaka mitano, zile 1,900 zingekugharimu karibu pauni 2,366. Huo ni mfano tu wa kukuonyesha mwendo wa hesabu. Namba zako za kweli zimo kwenye mkataba. Na ndiyo maana unaweza kubaini bima hata kama jina lake halimo kwenye kumbukumbu yako: kama akaunti iliingiziwa 8,000 lakini mkataba unasema ulikopeshwa zaidi ya hapo, tofauti ile ni ya kuulizia.

Sasa njia iliyobaki, nayo ni nyembamba. Ni mahakama.

Mwaka 2006 mjane mmoja, Susan Plevin, alikopa pauni 34,000 kwa Paragon, kampuni ya mikopo, kupitia dalali. Aliuziwa bima ya pauni 5,780. Katika hizo, kampuni ya bima ilipata 1,630 tu. Zilizobaki, asilimia 71.8, zilikuwa kamisheni ya dalali na ya Paragon wenyewe, na hakuna aliyemwambia ni kiasi gani. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba kumficha mteja kamisheni kubwa kiasi hicho kuliufanya uhusiano wake na mkopeshaji usiwe wa haki, kwa mujibu wa kifungu cha 140A cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974. Uzito wa hukumu ile ni kwamba mteja hahitaji kukumbuka mhudumu alisema nini. Anahitaji kuonyesha kamisheni ilikuwa kubwa na ilifichwa. FCA ikaifanya kuwa kanuni: kamisheni iliyozidi nusu ya bei ya bima, ile ziada irudishwe. Katika mfano wangu wa pauni 1,900, kamisheni ikiwa asilimia 70 ni 1,330. Nusu ya bei ni 950. Ziada ni 380, pamoja na riba yake. Ona tena ilivyo mbali na zile 4,100 za kwenye simu. Kanuni hiyo ya FCA nayo ilifungwa na mlango wa 2019, lakini kifungu cha sheria chenyewe hakijafungwa, na hakimu hafungwi na ile nusu.

Mkopo wako ulikuwa hai hadi 2010, kwa hiyo kifungu hicho kinakugusa. Mikataba ya zamani iliyokwisha kabla ya 6 Aprili 2008 ndiyo iliyobaki nje.

Kikwazo ni ukomo wa muda. Kwa England, madai ya namna hii yanapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 6, na kwako miaka hiyo ingehesabiwa tangu uhusiano ulipokwisha 2010, yaani iliisha 2016. Ila Sheria ya Ukomo ya 1980, kifungu cha 32, inasema kama aliyekukosea alikuficha jambo kwa makusudi, saa haianzi kuhesabu mpaka ulipolijua, au ulipoweza kulijua kwa bidii ya kawaida. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ilitumia kifungu hicho kwenye kesi ya Beverley Potter. Alikuwa amekopa kwa benki iliyoitwa Egg mwaka 2006. Kwenye bima ya pauni 3,834, kampuni ya bima ilipata 182 na senti kidogo, na zaidi ya asilimia 95 ilikuwa kamisheni. Aliambiwa kuhusu uwezekano huo na wanasheria wake Novemba 2018, akafungua kesi mwezi uliofuata. Mahakama ilikubali kwamba hakuwa amechelewa, kwa sababu benki ilijua inachokificha.

Watu wengi wameisoma hukumu ile kama ufunguo wa kila mlango, na baadhi ya mawakala wanaitumia kuwavuta wateja. Mimi siisomi hivyo kwa mtu aliye katika nafasi yako. Potter alifungua kesi mara tu baada ya kujua. Benki yako itasema: matangazo yalikuwa kila kona kuanzia 2017 hadi Agosti 2019, shemeji yake alilipwa 2018, mtu mwenye bidii ya kawaida angeuliza wakati huo, na hata tukihesabu miaka 6 kuanzia siku ya mwisho ya matangazo, iliisha Agosti 2025. Wewe utajibu kwamba kusikia watu wanadai PPI si sawa na kujua kwamba benki ilikula kamisheni iliyofichwa kwenye bima yako wewe. Ni jibu la kweli, na hakimu anaweza kulikubali, kwa sababu kila kesi inaangaliwa kwa mazingira ya mtu. Lakini nikipima, upande wa benki una nguvu zaidi. Ndugu walioko Scotland wasitumie hesabu hii kabisa. Ukomo wao una sheria yake.

Kwa hiyo ningefanya hivi kama ningekuwa wewe. Nisingelipa wakili, nisingelipa kampuni. Ningeandika barua moja kwa benki nikiomba nakala ya taarifa zote walizonazo juu yangu, ile wanayoiita Subject Access Request. Ni bure, na wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Weka jina lako kamili na majina uliyowahi kutumia, tarehe ya kuzaliwa, anwani uliyokuwa ukiishi 2005 na zile zilizofuata, na uombe kwa kutaja: mkataba wa mkopo wa Mei 2005, mtiririko wa malipo, cheti cha bima, kiasi cha kamisheni kilicholipwa kwa bima hiyo, na lalamiko lolote lililowahi kuwasilishwa kwa jina lako. Kama jina la benki limetoweka mtaani, deni lako lina mrithi: Abbey na Alliance & Leicester zilienda Santander, Halifax na Bank of Scotland ziko chini ya Lloyds, na mikopo ya zamani ya Egg ilibaki kwa kampuni ya Canada Square.

Jiandae kwa jibu la kwamba hakuna kitu. Benki nyingi hufuta kumbukumbu za mkopo uliokwisha baada ya miaka 6 au zaidi kidogo, na ripoti yako ya mikopo nayo hairudi nyuma kuliko hapo. Bila mkataba mkononi na bila kumbukumbu benki, kesi haina miguu, na hapo ningeacha. Ndiyo maana karatasi zako za zamani zina thamani kuliko simu ya mtu yeyote. Kwenye mkataba tafuta safu ya pili ya gharama, au maneno Payment Protection, Loan Protection, au herufi ASU, yaani ajali, ugonjwa na kukosa kazi kwa Kiingereza.

Nyaraka zikipatikana, na kamisheni ikionekana kubwa, andikia benki lalamiko kwa kutaja kifungu cha 140A na kesi za Plevin na Potter. Wakikataa, nenda na karatasi zako Citizens Advice ya Coventry, hawatozi, uulize kama inafaa kufungua madai madogo. Njia hiyo ni ya madai yasiyozidi pauni 10,000; kuna ada ya kufungua, lakini ukishindwa kwa kawaida hutwishwi gharama za mawakili wa benki. Usifungue kabla ya kupata ushauri huo, na usikawie nao.

Jambo dogo ambalo linawahusu zaidi waliokwisha kulipwa. Fedha ya PPI ilirudishwa pamoja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na benki kwa kawaida ilikata kodi ya asilimia 20 kwenye riba hiyo. Mwenye kipato kidogo aliweza kuirudisha kodi hiyo kwa fomu R40 ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ila ndani ya miaka 4 tangu mwaka wa kodi uishe. Malipo ya shemeji ya 2018 yamepitwa. Ukiwa na jamaa aliyelipwa karibuni, mwambie.

Gari sasa. Hili ndilo ambalo hujachelewa, na ningelitanguliza kabla ya mkopo wa 2005. Kwa miaka mingi wakopeshaji waliwapa wauzaji wa magari kamisheni iliyopanda kadiri mteja alivyotozwa riba kubwa. FCA iliipiga marufuku kamisheni ya aina hiyo 28 Januari 2021. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya kesi tatu za magari. Wateja walishindwa kwenye hoja kadhaa, lakini mmoja, Marcus Johnson, alishinda kwa kifungu kilekile cha 140A: kamisheni yake ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo, na hakuelezwa. Oktoba 2025 FCA ikatoa mapendekezo ya mpango wa fidia kwa mikataba ya tangu 6 Aprili 2007 hadi 1 Novemba 2024. Mkataba wako wa 2016 unaangukia katikati.

Andika lalamiko kwa kampuni iliyokukopesha, siyo kwa aliyekuuzia gari, hata kama ulimaliza kulipa na gari umeshaliuza. Tovuti ya FCA ina barua ya mfano ya kuchukua bure. Waulize kama kulikuwa na kamisheni, ya aina gani na kiasi gani. Na watakapokupigia watu wa pauni 150 kwa ajili ya gari, maana watapiga, jibu liwe lile la PPI.

Ukipata majibu ya benki, niandikie mambo matatu: bei ya bima, kiasi cha kamisheni, na tarehe ya malipo ya mwisho. Majina na namba za akaunti usiniwekee.